Kurudi Kukaza

Ukitoka Nyabugogo ukafuata barabara ya kwenda Gatuna, huchukui muda kabla ya kuingia Gatsata. Kila mkazi wa Kigali mwenye gari bovu anapajua. Gereji zimepakana na maduka ya vipuri, na mbele ya maduka hayo rimu zimetundikwa ukutani kama sufuria sokoni: za Toyota, za Honda, za Mercedes-Benz, za Volkswagen, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika katika nchi nyingine. Mtu aliyekosa rimu ya gari lake hakosi rimu ya gari la mwingine. Swali ni kama itakaa.

Ili ikae, mafundi hutumia kitu wanachokiita spesa. Ni kipande bapa cha duara, cha alumini au chuma, kinachowekwa kati ya habu ya gari na rimu. Habu ni ile sehemu yenye boliti ambayo gurudumu linafungwa juu yake. Kazi ya spesa ni kulisogeza gurudumu nje kidogo, au kuiunganisha rimu na habu ambazo hazikutengenezwa pamoja. Ukilitazama gari barabarani huioni. Imejificha nyuma ya rimu, na abiria hajui kwamba ipo. Nimeamua kuiandikia insha kwa sababu mwaka jana kitu hicho kisichoonekana kilizua mjadala mkubwa nyumbani kwetu, na kwa sababu ada yangu ya chuo ilikuwa imekaa juu yake.

Familia yetu ina RAV4 moja ya zamani, ya kizazi cha pili. Mama aliinunua baada ya kuuza kiwanja tulichoachiwa na baba, na kaka yangu ndiye anayeiendesha. Siku za kazi anawabeba watu wanaomkodi mjini. Siku za Jumamosi gari huenda harusini. Wanaoijua Kigali wanajua jinsi msafara wa harusi unavyopangwa hapa: magari yanatakiwa yafanane, yang'ae, yawe na maua mbele. Anayepanga msafara hulizunguka gari mara moja, akatazama rangi, akatazama magurudumu, kisha akasema ndiyo au hapana. Jumamosi mbili zikipita bila harusi, mama huanza kuhesabu fedha kwa sauti ya chini, nami hujua kwamba anahesabu muhula wangu.

Rimu moja ya gari hilo ilipasuka kwenye shimo wakati wa mvua. Kaka alizunguka Gatsata siku tatu akitafuta mwenzake wa rimu zile, hakuupata. Siku ya nne muuzaji mmoja akamwonyesha rimu nne za inchi 17 zilizotoka kwenye Honda CR-V. Zilikuwa safi, zilipendeza, na bei ya zote nne haikuwa mbali na bei aliyokuwa tayari kulipa kwa moja. Tena muuzaji alikuwa na hoja nzito: "Matundu matano, na umbali ni uleule."

Hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Boliti tano za RAV4 yetu zimepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, na za CR-V ni hivyohivyo. Mtu asiyejua anaweza kufikiri kwamba kipimo hicho kikilingana mambo yamekwisha. Lakini rimu ina vipimo vingine ambavyo muuzaji havitaji. Cha kwanza ni kile kinachoandikwa kwa herufi ET, herufi zilizotokana na neno la Kijerumani. Kinaeleza uso wa rimu unaogusa habu umekaa umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. ET ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani zaidi, chini ya gari. ET ikiwa ndogo, gurudumu linatoka nje. Rimu zetu za zamani zilikuwa na ET 35. Zile za Honda zilikuwa na ET 50. Upana ulikuwa mmoja, kwa hiyo gurudumu liliingia ndani milimita 15 zaidi ya mahali pake. Milimita 15 ni kama upana wa kidole. Zilitosha kulifanya tairi lisogelee shokapu kiasi cha kutoacha nafasi ya kupitisha hata karatasi.

Hapo ndipo spesa ilipoingia katika maisha yetu. Kwenye gereji ya kwanza, kijana mmoja alimletea kaka vipande vinne vya alumini vyenye matundu matano. Havikuwa na boliti zake. Vilikuwa ni sahani tu: unaipitisha juu ya boliti za gari, unaweka rimu juu yake, unafunga nati, unaondoka. Unene wake ulikuwa milimita 15 kamili. Kwa hesabu ya haraka ilionekana kama jibu limepatikana, maana 50 ukitoa 15 unarudi 35. Bei ilikuwa ndogo na kazi ingekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Siku hiyo nilikuwa na kaka, maana nilikuwa likizoni. Jirani na pale kuna mzee fundi aliyejifunza kazi Bukavu, ambaye amekuwa akilitengeneza gari letu tangu tulinunue. Kaka alipita kumsalimia, kwa heshima tu, akamwonyesha zile sahani. Mzee hakusema ni mbaya. Alichukua nati kwenye kopo lake, akaweka sahani na rimu kwenye habu, akaniambia, "Binti yangu, wewe unasoma. Fungua macho na uhesabu."

Akaanza kuzungusha nati kwa vidole, nami nikahesabu. Ilizunguka mara tano ikafika mwisho. Akaondoa sahani, akarudisha rimu ya zamani na nati zake, akaniambia nihesabu tena. Safari hii nilifika kumi na tano.

Kisha akatueleza, na maelezo yake nimeyahakiki baadaye nikayakuta sawa. Boliti za RAV4 zina unene wa milimita 12, na nati inapozunguka mara moja husogea milimita 1.5. Mafundi wana kanuni kwamba nati ishike boliti kwa urefu usiopungua unene wa boliti yenyewe. Gawanya 12 kwa 1.5, unapata 8. Mizunguko minane ndiyo mwisho wa chini. Sahani ya milimita 15 hula mizunguko kumi kutoka kwenye boliti ileile, kwa sababu boliti haikuongezwa urefu. Sisi tulibakiwa na mitano. "Hii inafaa macho," mzee alisema, "haifai barabara."

Kaka hakukubali mara moja. Alisema ameyaona magari mengi yenye sahani hizo, na yanatembea. Mzee akamjibu kwamba hata yeye ameyaona, na mengine ameyaona yakija yakiwa yamebebwa. Akatupeleka nyuma ya gereji kwenye gari dogo lililoinuliwa kwa jeki, upande wa mbele hauna gurudumu. Boliti zilikuwa zimekatika zote. Nilizisogelea. Mbili zilikuwa na uso uliong'aa, kama zilikatika jana. Tatu zilikuwa na kutu ndani ya mpasuko, ishara kwamba zilianza kukatika siku nyingi kabla, moja baada ya nyingine, huku mwenye gari akiendelea kwenda kazini.

Nilikuwa nikidhani kwamba boliti huvunjwa na uzito wa gari. Sivyo. Kazi ya nati na boliti ni kuibana rimu kwenye habu kwa nguvu nyingi hata ziwe kama kitu kimoja, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo. Nati ikilegea, rimu inapata nafasi ya kucheza. Kila gurudumu linapozunguka, boliti inapindishwa kidogo huku na kidogo kule, kama waya unaoukunja na kuukunjua kwa vidole. Waya haukatiki mara ya kwanza. Unakatika mara ya mia, na mkono haujui mapema ni ipi.

Kipimo kingine ambacho muuzaji hakukitaja ni tundu la katikati. Kila habu ina mdomo wa duara unaoingia katikati ya rimu ili gurudumu likae sawasawa kabla ya nati kukazwa. Mdomo wa RAV4 yetu una milimita 60.1. Tundu la rimu ya Honda lina milimita 64.1. Zile milimita nne zinatosha kuifanya rimu ikae pembeni kidogo, na dereva akaanza kusikia mtetemo kwenye usukani akadhani ni barabara. Zaidi ya hapo, rimu za Honda zinatoka kiwandani zikiwa na makalio ya nati ya mviringo kama nusu ya mpira, wakati nati za rimu za alumini za Toyota zina washa bapa. Ukifunga nati ya Toyota kwenye rimu ya Honda, inagusa kwenye ukingo tu. Mkono unakuambia imekaza, kumbe haijakaa.

Spesa iliyotufaa, mzee alisema, ni ya aina nyingine. Ni nene zaidi, milimita 20, na ina boliti zake tano zilizopachikwa ndani. Inafungwa kwenye habu kwa boliti za gari na nati zinazozama ndani ya spesa yenyewe, halafu rimu inafungwa kwenye boliti za spesa. Upande wa ndani ina tundu la milimita 60.1 linaloivaa habu ya Toyota, na upande wa nje ina mdomo wa milimita 64.1 unaoingia kwenye rimu ya Honda. Kwa aina hii nati hazipotezi mzunguko hata mmoja. Ukitoa 20 kwenye 50 unapata 30, yaani gurudumu linatoka nje milimita tano tu kuliko lilivyozaliwa. Kasoro ilikuwa bei. Seti nzima ilikaribia kodi ya nyumba yetu ya mwezi mmoja, na ilibidi iagizwe.

Jioni ile tulizungumza nyumbani. Kaka alisema harusi mbili zilikuwa zimekwisha kulipiwa nusu, na kwamba ile seti itakapofika Jumamosi zote zitakuwa zimepita. Alisema angefunga zile sahani kwa wiki mbili tu, aendeshe polepole. Alisema pia jambo lililoniuma kwa sababu lilikuwa kweli, kwamba yeye ndiye anayeamka saa kumi usiku ili mimi nikae darasani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Bibi harusi atakapokaa nyuma, utamwambia?"

Kaka akanyamaza. Hakuna dereva anayemwambia bibi harusi kwamba gurudumu limeshikwa kwa mizunguko mitano. Nadhani swali lile ndilo kipimo kizuri kuliko vyote nilivyovitaja hapo juu. Hatari ambayo mtu anaibeba mwenyewe ni shauri lake. Hatari ambayo huwezi kuieleza kwa sauti mbele ya aliyeipanda si yako kuikubali kwa niaba yake. Asubuhi kaka alizikabidhi harusi mbili kwa rafiki yake mwenye gari kama letu, akarudisha malipo ya awali, na muhula ule mama alikopa kwenye kikundi chao cha akiba ili nilipiwe ada.

Spesa zilipofika, nilikwenda kutazama zikifungwa. Nilitarajia kazi ya nguvu, nikaona kazi ya usafi. Mzee alitumia muda mrefu kusugua uso wa habu kwa brashi ya waya kuliko alivyotumia kufunga. Alisema kutu na udongo vikibaki katikati, nati itakazwa juu ya vumbi. Vumbi likisagika, nati imelegea. Alitazama ncha za boliti za gari kama zinazidi uso wa spesa, na alipoona zinazidi kidogo akahakikisha kwamba rimu ina vishimo nyuma yake vya kuzipokea. Alilinganisha kimo cha matairi mapya na ya zamani. Akakaza nati kwa mpangilio wa nyota, si kwa kuzunguka duara, na akamaliza kwa spana inayopima nguvu, ikiwa imewekwa kwenye 103 Nm, kipimo ambacho Toyota imelipa gari hilo. Spana ilipolia "tik" aliacha. Vijana wengi pale hupanda juu ya spana kwa miguu. Mzee anasema mguu hauna namba.

Kisha akasema neno ambalo ndilo sababu hasa ya insha hii. Alisema, "Sijamaliza. Mtarudi baada ya kilomita 100."

Nati za rimu zinaonekana, kila mtu anaweza kuzigusa. Nati za spesa zimefunikwa na rimu. Ili uzikaze tena, lazima uinue gari, uondoe gurudumu, ukaze za ndani, urudishe gurudumu, ukaze za nje. Mara nne. Ni kazi ya saa nzima ambayo haikuongezei uzuri wala fedha, na inafanywa wakati gari linakwenda vizuri kabisa bila kelele yoyote. Ndiyo maana watu hawarudi.

Harusi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa Muhanga. Kwenda na kurudi Kigali ni karibu kilomita 100, vilima na kona mwanzo hadi mwisho. Gari lilikwenda salama, kaka alirudi na furaha na malipo. Jumatatu nilimkumbusha habari ya gereji. Akasema gari halina neno, na kulikuwa na mteja wa kwenda Huye alfajiri ya Jumanne. Nilimwambia mteja wa Huye naye ni bibi harusi. Alinitazama kwa hasira, kisha akacheka, akachukua funguo.

Mzee alitoa magurudumu bila maneno. Upande wa kulia mbele, nati mbili za ndani zilisogea karibu robo mzunguko kabla spana haijalia. Nyingine zote hazikusogea. Robo mzunguko si kitu cha kutisha. Mzee alisema ni kawaida, chuma kipya hujipanga mahali pake. Lakini nilikuwa nimeiona tayari ile habu yenye boliti tano zilizokatika, nikajua kwamba nayo ilianza mahali fulani, pengine kwa robo mzunguko ambayo hakuna aliyerudi kuitazama.

Simaanishi kwamba spesa ni kitu kibaya. Porsche yenyewe imewahi kuweka spesa za kiwandani kwenye baadhi ya magari yake ya 911. Ujerumani hazikatazwi, ila lazima ziwe na hati ya kuthibitisha kwamba zimepimwa na zinafaa kwa gari husika. Wala simaanishi kwamba spesa nzuri haina gharama yake. Gurudumu likitolewa nje sana, beringi inabeba mzigo kwa namna ya mtoto aliyebeba jerikani ya maji mkono ukiwa umenyooshwa pembeni badala ya kuukaribisha mwilini. Maji ni yaleyale, bega ndilo linalochoka mapema. Milimita tano kama zetu ni kidogo. Wanaotoa magurudumu nje kwa milimita 40 ili gari litanue miguu wanalipa kwenye beringi na usukani.

Najua pia kwamba tuna ukaguzi. Polisi wana kituo cha kukagua magari Remera, na gari la kubeba watu lazima lipite. Lakini ukaguzi hulitazama gari siku ile ile moja. Nati hulegea siku nyingine. Kati ya ukaguzi na ukaguzi kuna mamia ya safari, na katika safari hizo mkaguzi pekee ni mwenye gari.

Baada ya siku ile mzee aliniomba kazi. Wateja wake wanatoka Kigali, wengine Goma na Bukavu, na madereva wa malori kutoka Tanzania hupita kununua vipuri. Alitaka karatasi ndogo ya kumpa kila anayefungiwa spesa, kwa Kinyarwanda upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili. Nilifikiri ningemaliza kwa dakika kumi. Nilikesha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na darasani nimefundishwa kuchambua riwaya na ushairi, lakini neno "spesa" sikulipata katika kamusi yangu, na sikuwa na uhakika kama msomaji wa Goma na wa Dar es Salaam wataelewa "habu" kwa namna moja. Wazee wa Biryogo na Nyamirambo wanasema Kiswahili kilikaa katika mji huu kwa miaka mingi mikononi mwa wafanyabiashara, madereva na mafundi, kabla ya sisi kukipata kwenye madaftari. Usiku ule nilielewa kwamba hawa ndio walimu niliokuwa sijawauliza. Nilirudi gereji na kalamu, nikaandika maneno kama wanavyoyasema.

Karatasi ilitoka na mistari minne. Tarehe na kilomita za siku ya kufunga. Nguvu ya kukaza, kwa namba. Rudi baada ya kilomita 100, hata kama husikii chochote. Baada ya hapo, rudi kila unapobadilisha mafuta ya injini. Mstari wa tatu mzee aliniambia niupigie msitari chini mara mbili.

Yetu iko ndani ya gari, pamoja na kadi ya bima. Kaka huijaza mwenyewe sasa, kwa mwandiko wake mbaya. Mara ya mwisho nilipoichungulia, aliandika kilomita, akaandika tarehe, na mbele yake neno moja: "Hazikusogea."